SOMO LA MAZINGIRA: KUONDOA GUGU MAJI MWALONI BILA YA KULIZIDISHA

Wananchi wa visiwani na wa mwambao wa Ziwa Victoria wanaelezwa katika ukurasa huu namna ya kuliondoa gugu maji katika mialo yao. Somo limekusudiwa hasa kamati za mialo, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), walimu wa shule zilizo karibu na ziwa na kila mwenye mtumbwi. Sababu ya kuliandika ni kwamba nguvu nyingi hutumika kila mwaka kung'oa gugu hili, na sehemu kubwa ya nguvu hizo hupotea bure kwa kuwa kazi hufanywa kinyume na tabia ya mmea wenyewe.

ASILI YAKE

Gugu maji si mmea wa kwetu. Asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 19 lilichukuliwa huko na watu waliolipenda ua lake la zambarau iliyopauka, wakalipanda katika vidimbwi vya bustani na katika mabirika ya samaki wa mapambo, nalo likahama kutoka bara moja hadi jingine mikononi mwa wapenda maua. Lilifika Misri kabla ya karne hiyo kumalizika. Kwetu Tanzania lilionekana kwanza upande wa Tanga, katika mito ya Sigi na Pangani, katika miaka ya 1950. Katika Ziwa Victoria liligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na ulipofika mwaka 1990 nchi zote tatu zinazolimiliki ziwa zilikuwa nalo. Mlango wake mmoja mkubwa ni Mto Kagera, ambao hukusanya maji ya Rwanda na Burundi na kuyamwaga ziwani karibu na mpaka wetu na Uganda.

Yaliyofuata yanakumbukwa na kila mwenye umri wa kutosha. Ghuba ya Mwanza ilifunikwa pembeni, bandari ya Port Bell ikazibwa, mitambo ya umeme ya Jinja ikasumbuliwa, na katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, picha za setilaiti za mwaka 1998 zilionyesha zaidi ya hekta 17,000 za blanketi la kijani. Serikali tatu za Afrika Mashariki zilikwisha kutia saini makubaliano ya pamoja tarehe 5 Agosti, 1994, na kutokana nayo ukaanzishwa Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria, uliofanya kazi tangu 1997. Gugu likapungua sana. Halikwisha. Mapema mwaka 2025 vivuko vya Kigongo na Busisi, katika barabara inayotoka njia panda ya Usagara kwenda Sengerema na Geita, vilisumbuliwa vibaya na magugu yaliyojazana katika njia yake. Magari sasa yanapita juu ya daraja lililofunguliwa mwezi Juni mwaka huo huo, na msafiri wa Geita aweza kulisahau gugu. Mkazi wa Ukerewe, Ukara, Kome au Maisome hana daraja. Kwake yeye mwalo ukifungwa, mgonjwa hafiki hospitali, dagaa hawafiki sokoni, na mama hupasua magugu kwa mikono ili apate ndoo ya maji.

TABIA YA MMEA

Mtu asiyejua namna gugu hili linavyozaliana hawezi kuliondoa. Basi na tulitazame kwa makini.

Huelea juu ya maji kwa msaada wa vikonyo vya majani vilivyovimba, ambavyo ndani vina mapovu ya hewa kama sifongo. Chini hushusha mizizi myeusi yenye manyoya, isiyoshika udongo bali inayofyonza chakula katika maji. Kutoka ubavuni mwake hutoa vitawi vinavyotambaa juu ya maji, na mwisho wa kila kitawi huzuka mtoto. Mtoto akikatika kwa mama yake hafi. Huanza maisha yake mwenyewe. Hata kipande cha shina chenye jicho moja la kuchipua kinatosha kuanzisha ukoo mpya.

Katika maji yenye joto na rutuba, idadi yake yaweza kuwa maradufu kila baada ya wiki moja au mbili. Walimu wawape wanafunzi hesabu hii ubaoni. Tuseme kijiji kimesafisha mwalo wote na kusahau miche 10 tu kwenye matete. Tuseme pia kwamba inaongezeka maradufu kila wiki mbili. Baada ya wiki 2 ni miche 20, baada ya wiki 4 ni 40, na baada ya wiki 20 ni miche 10,240. Miezi mitano haijatimia, na kazi ya kijiji kizima imerudi pale pale ilipoanzia.

Aidha, gugu hutoa mbegu. Mbegu hizo huzama na kukaa katika tope la pwani, zikiwa hai kwa miaka 15 hadi 20. Huota maji yanapopungua na jua kulifikia tope. Jambo hili lina maana kubwa kwetu katika miaka hii, kwani ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena mwaka 2024, likaingia katika mashamba na nyumba za watu. Kila mahali ambapo maji yalipanda kisha yakashuka pakaguliwe, kwa kuwa hapo ndipo miche midogo huota, mingine ikiwa na urefu wa kidole tu na majani membamba ambayo mtu huyadhania kuwa nyasi.

MAMBO YANAYOFANYWA KIMAKOSA

Kosa kubwa kupita yote ni kulikatakata kwa panga na kuviacha vipande vielee. Mfanyaji huona njia ya mtumbwi imefunguka akafurahi. Kumbe amegeuza mmea mmoja kuwa mitano, na upepo wa jioni utavipeleka vipande hivyo kwenye mwalo wa jirani. Karibu sawa na hilo ni desturi ya kulisukuma blanketi zima hadi maji makuu likaondoke lenyewe. Haliondoki. Huenda Ukara likarudi Nansio. Vijiji viwili vinavyosukumiana gugu namna hii vinalifuga, tena kwa jasho lao wenyewe.

Wapo wanaolichoma moto likiwa bado majini. Mmea huu una maji kiasi cha asilimia 95. Moto hubabua majani ya juu na kukiacha kitovu salama, nacho huchipua tena. Wapo pia wanaoulizia dawa ya kuulia magugu. Katika ziwa ambalo watu wanachota maji ya kunywa na kupikia, mwananchi haruhusiwi kumwaga kiuatilifu kwa uamuzi wake. Viuatilifu vina sheria yake na mamlaka yake. Hata kama dawa ingekuwa haina sumu kwa binadamu, blanketi lote likifa kwa mkupuo huzama na kuoza, huimaliza hewa ya maji, na samaki wa pwani pamoja na mazalia yao hufa. Hapo hubaki kamongo na kambare, wenye uwezo wa kuvumilia maji yaliyokosa hewa, na sato hutoweka.

KABLA YA SIKU YA KAZI

Kamati ipime kwanza. Blanketi zito laweza kufikia uzito wa kilo 40 kwa kila mita moja ya mraba. Mwalo wenye urefu wa mita 50, ambao gugu limeingia mita 20 kuelekea ziwani, una mita za mraba 1,000, yaani tani 40 za mzigo uliolowa. Ikiwa toroli moja hubeba kilo 50, hizo ni safari 800. Kijiji chenye toroli 20 kitahitaji safari 40 kwa kila toroli. Na kama safari moja kwenda na kurudi huchukua dakika 10, ni karibu saa saba za kazi isiyo na mapumziko. Ndiyo maana kuitangaza Jumamosi moja ya usafi, yenye hotuba mbili na picha, hakutoshi. Zipangwe asubuhi tatu zinazofuatana, na zamu ziandikwe.

Tunasema asubuhi kwa sababu maalumu. Katika mizizi ya gugu maji hujificha konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, maradhi ambayo mkoa wa Mwanza na visiwa vyake yameuathiri kwa muda mrefu. Vimelea hivyo huwatoka konokono na kuogelea majini hasa jua linapopanda na kuwa kali, kisha hupenya katika ngozi ya mtu bila ya yeye kuhisi. Kazi ianze alfajiri mapema na ikome kabla ya jua kuwa kali. Hata hivyo asubuhi si kinga kamili. Wanaoingia majini wavae mabuti ya mpira na glavu. Asiye na mabuti apewe kazi ya nchi kavu. Watoto wasiingizwe majini kwa hali yoyote. Baada ya kazi, watu waliolowa wajifute wakauke mara moja, na waliokuwa majini waonane na mganga wa zahanati kuhusu kupimwa na kupewa dawa ya prazikwanteli. Nyoka na mamba nao hupenda kivuli cha gugu. Watu wawili wawekwe kuwa walinzi, wasishike kazi nyingine.

KAZI YENYEWE

Jambo la kwanza si kung'oa, bali kuzungushia. Kabla ya mtu yeyote kugusa gugu, mitumbwi miwili ivute kamba nene kwa upande wa ziwani, kutoka ncha moja ya mwalo hadi ya pili, ikiwa imefungwa madumu matupu yaliyozibwa vizuri kila baada ya hatua mbili ili ielee. Kamba hiyo huzuia vipande visitoroke na upepo. Nyavu chakavu zisitumiwe kuwa uzio, kwani zitanasa samaki wachanga na kubaki majini zikiua hata baada ya watu kwenda zao.

Ichaguliwe siku ambayo upepo unavuma kuelekea nchi kavu. Wavuvi wanaijua siku hiyo kuliko afisa yeyote, waulizwe. Kisha mitumbwi ikae nje ya blanketi na kulisukuma taratibu kuelekea pwani, huku watu wa pwani wakilivuta kwa reki na nyuma za majembe. Panga litumike tu pale blanketi lilipofungamana kiasi cha kutovutika, na vipande vyote vilivyokatwa vitolewe kabla ya kukata vingine. Mmea utoke na mizizi yake yote. Wenye ua watangulizwe kutolewa, maana baada ya ua kunyauka, kikonyo chake hujipinda kuelekea majini na mbegu hukomaa huko.

Blanketi likiisha kutoka, kazi inayoamua kila kitu ndiyo inaanza, nayo ni ndogo na ya kuchosha. Vijana wenye matenga wapite katika matete, kando ya mawe, chini ya mitumbwi iliyopakiwa na nyuma ya magati, wakichota kila jani na kila kitawi kilichobaki. Mitumbwi, nanga na nyavu zikaguliwe kabla ya kwenda mwalo mwingine. Baada ya hapo mwalo ugawanywe kwa kaya au kwa madarasa ya shule, kila kundi na mita zake, na ukaguzi ufanywe kila wiki bila kukosa. Mche ulioonekana leo huondolewa kwa mkono mmoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni mche mmoja.

MAHALI PA KUWEKA KILICHOTOLEWA

Lundo likiachwa kando ya maji, mvua ya kwanza hulirudisha ziwani. Tena, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za ziwa. Basi gugu lisombwe hadi nje ya mita hizo, mahali ambapo maji ya mvua hayatelemki moja kwa moja kwenda ziwani, na litandazwe jembamba jua lilikaushe. Zile tani 40 zikikauka kabisa hubakia tani 2 hivi.

Likichanganywa na samadi na majivu, gugu hutoa mboji nzuri kwa mihogo na migomba. Lenye mbegu liwekwe katikati ya lundo, penye joto kali, na lundo ligeuzwe mara kwa mara. Kule Kisumu mafundi husuka viti na vikapu kwa vikonyo vilivyokaushwa, na hapa petu pia inawezekana. Lakini tahadhari mbili zishikwe. Gugu hufyonza madini mazito pamoja na uchafu wa viwanda, kwa hiyo lililovunwa karibu na mifereji ya mji lisilishwe nguruwe wala lisitumike kwenye bustani za mboga. Ya pili ni kwamba mtu asije akalipanda ili apate malighafi. Hakuna biashara ya vikapu iliyo kubwa kiasi cha kulimaliza gugu, na anayeishi kwa kuliuza hatapenda liishe.

WADUDU WASAIDIZI

Kuna mbawakawa wa aina mbili, jamaa ya fukusi wa mahindini, ambao wataalamu huwaita Neochetina. Wana urefu wa milimita 4 au 5 tu, na chakula chao ni gugu maji. Walitoka Amerika ya Kusini kama gugu lenyewe. Walipimwa kwa miaka mingi ili kuthibitisha kwamba hawadhuru mazao, na tangu mwaka 1972 walipoachiwa Florida, Marekani, wamepelekwa katika nchi nyingi. Uganda iliwaachia Ziwa Victoria mwishoni mwa mwaka 1995. Tanzania iliwazalisha katika kituo cha Kibaha na baadaye kandokando ya ziwa, na Kenya nayo ikafanya hivyo hivyo.

Mdudu mzima hutafuna ngozi ya jani wakati wa usiku na kuacha makovu madogo ya mviringo. Jike hutaga ndani ya kikonyo. Funza hutoboa vikonyo hadi kitovuni. Kisha hujifunga katika mizizi chini ya maji mpaka atakapokuwa mdudu kamili. Vikonyo vilivyotobolewa huingia maji na kuoza, mmea ukadumaa, ukazama. Safari yote ya yai hadi mdudu huchukua kiasi cha miezi mitatu, hali gugu hujiongeza kila wiki mbili. Kwa hiyo hakuna anayepaswa kutazamia matokeo kabla ya miaka kadhaa. Anguko kubwa la gugu la mwaka 1998 lilikuja miaka mitatu baada ya wadudu kuachiwa, na mawimbi ya mvua za El Niño nayo yalikuwa na sehemu yake.

Hapa ndipo kung'oa kwa mikono na kazi ya wadudu hugongana. Kijiji kinachong'oa kila kitu huwatupa wadudu juani pamoja na chakula chao. Gugu jipya likiingia kutoka nje hukuta ziwa halina mlinzi. Kwa hiyo, kabla ya kung'oa, majani yakaguliwe. Yakionekana makovu, kamati ishauriane na afisa mazingira wa halmashauri kuhusu kuacha kipande kidogo kwenye kona isiyotumiwa na watu, kikiwa kimezungushiwa kamba, kiwe kitalu cha wadudu. Mimea yenye makovu mengi ihamishiwe huko, badala ya kupelekwa kwenye lundo.

Ifahamike pia kwamba wadudu na mikono yote hukimbizana na chakula ambacho sisi wenyewe tunalipa gugu. Mto Mirongo hupita katikati ya jiji la Mwanza na kuingia ziwani na yote yaliyotupwa ndani yake. Mbolea inayooshwa mashambani, vyoo vilivyochimbwa ukingoni na sabuni za kufulia vyote ni rutuba, na gugu hustawi zaidi pale inapomwagika.

GUGU LA PILI

Katika miaka ya karibuni ziwa limepata mgeni mwingine, anayeitwa Salvinia. Huyu ni mdogo, hana ua wala kikonyo kilichovimba. Majani yake yana ukubwa wa sarafu hadi nusu kiganja, yamekaa mawili mawili, na juu yake yana vinyweleo vinavyokataa maji. Tone likidondoka juu yake huviringika. Yakisongamana hukunjika katikati na kujipanga kama mafungu ya karatasi. Nalo lilisambazwa duniani na wafugaji wa samaki wa mapambo, waliomwaga maji ya mabirika yao mitoni.

Mbinu za mikono zilizoelezwa zinafaa kwa gugu hili, isipokuwa reki: majani yake hupita katikati ya meno. Litolewe kwa matenga yaliyofumwa karibu karibu. Halina mbegu, na hiyo ni nafuu kubwa, kwani likitolewa lote haliachi akiba katika tope. Lakini mbawakawa wa gugu maji hawaligusi. Lina mdudu wake pekee, Cyrtobagous salviniae, aliyetoka Brazili. Huyo ndiye aliyesafisha ziwa Moondarra nchini Australia baada ya kuachiwa mwaka 1980, kisha mto Sepik huko Papua New Guinea, na kwa jirani zetu Kenya ametumika katika Ziwa Naivasha. Kabla yake watafiti walikuwa wamepeleka katika nchi kadhaa mdudu anayefanana naye sana, bila ya mafanikio. Kuleta mdudu yeyote ni kazi ya serikali na wataalamu wake, baada ya vipimo.

Kwa hiyo mwananchi akiona mmea asioujua ukielea, asiuchukue kwenda nao mjini ili auonyeshe. Mche mmoja uliodondoka kutoka kwenye ndoo juu ya kivuko unatosha kuanzisha balaa upande wa pili. Apige picha kwa simu, mmea ukiwa kando ya kitu cha kupimia kama kiberiti, aandike jina la mwalo na tarehe, na kuifikisha kwa mtendaji wa kijiji, kwa afisa mazingira wa halmashauri, au katika ofisi ya kanda ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira iliyopo Mwanza. Ikiwa hana simu, autie mmea kati ya kurasa za gazeti, aukandamize kwa jiwe juani mpaka ukauke kabisa, ndipo aupeleke.